Furu wa Ghuba ya Mwanza na somo la mageuko nisilolikuta vitabuni

Ukifika mwalo wowote wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, ukauliza furu ni samaki gani, utajibiwa haraka: kisamaki cha mifupa, chambo cha sangara. Hapandi mzani. Akiuzwa, huuzwa kwa mafungu, amekaushwa au amebanikwa, na anayenunua mara nyingi ni yule ambaye siku hiyo hana hela ya sato. Nimekulia upande wa Sengerema, baba yangu akitega migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, na kazi yangu ya alfajiri ilikuwa kumtafutia chambo kwa ndoano ndogo kando ya mawe kabla sijaenda shule. Sasa ni mwalimu wa biolojia wa sekondari. Kila ninapofika kwenye mada ya mageuko ya viumbe naanza na furu huyo huyo, maana sijui kiumbe mwingine anayeionyesha mada hiyo waziwazi namna hii, tena hatua chache kutoka milangoni mwetu.

Sisi tulifundishwa mageuko kwa ndege wa visiwa vya Galápagos na kwa nondo wa Uingereza waliogeuka weusi enzi za moshi wa viwanda. Ni mifano mizuri na bado naitumia. Ila mtoto wa ziwani anaisoma kama habari za ng'ambo, mambo yaliyowatokea wengine zamani. Tena tulitoka shule tukiamini kwamba spishi mpya haipatikani bila mamilioni ya miaka kupita. Imani hiyo ndiyo furu ameibomoa, na watu waliokuwa wakilifuatilia jambo hili walikuwa wakipita na boti zao mbele ya mwalo wetu.

Niliwafahamu baada ya kumaliza kidato cha sita, nikisubiri chuo. Nilipata kibarua kwenye boti ya utafiti: kuvuta nyavu, kubeba barafu, kuandika namba kwenye daftari lililolowa. Kazi ile ilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, akiwamo Frans Witte, walianza kuwafuatilia furu wa ghuba hii wakishirikiana na Watanzania. Kwa kuwa walianza kabla sangara hajajaa upande wetu, wapo furu wa enzi hizo waliohifadhiwa kwenye spiriti mpaka leo, kila mmoja na lebo ya tarehe na mahali alipovuliwa. Ni maziwa machache sana duniani yenye kumbukumbu ya namna hiyo, kwamba unaweza kumweka samaki wa babu kando ya samaki wa mjukuu ukawalinganisha.

Nyavu zikivutwa, kazi ya kwanza ilikuwa kuwatenga. Dada aliyesimamia upangaji alikuwa Mtanzania, mpole, na hakuwa na haraka. Alinipa kibano na kioo cha kukuzia.

"Mdogo wangu," aliniambia, "rangi iache kwanza. Anza na mdomo."

Nikaanza na mdomo. Wa kwanza alikuwa na meno mafupi yaliyopangwa mistari mingi, ncha zake bapa: huyo hukwangua mwani kwenye mawe. Wa pili mdomo wake ulikuwa mpana, umeelekea juu, meno yamechongoka na kupinda kwa ndani: huyo hula samaki wenzake. Wa tatu kwa nje hakuwa na lolote la kumtambulisha. Dada akachukua mkasi mdogo, akampasua kooni, akatoa kimfupa cha pembe tatu na kukiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia, na juu yake meno yalikuwa ya mviringo, yamelika katikati. Huyo hupasua konokono.

Siri kubwa ya furu imo kooni humo. Ana mataya ya aina mbili. La mbele hukamata, la kooni husaga. Kwa kuwa kazi ya kutafuna inafanyika nyuma, taya la mbele limekuwa huru kubadilika kufuata windo lake: kukwangua, kufyonza, kunasa, kubana. Kutokana na mpango huo mmoja wa mwili wamepatikana walaji wa mwani, wa konokono, wa wadudu wa matopeni, wa uduvi, wa vijidudu vinavyoelea majini, wa samaki wadogo, na hata wanaonyofoa magamba ya wenzao. Wapo pia waliojipatia riziki ya kikatili: humvizia mama aliyebeba watoto mdomoni, humlazimisha kuwatema, kisha huwala.

Naam, mama hubeba watoto mdomoni. Jike hutaga mayai na papo hapo huyakusanya kinywani. Dume ana madoa ya njano au machungwa kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yenye umbo na ukubwa wa kulingana na mayai. Jike huyaendea madoa hayo kwa mdomo, na hapo ndipo anapozipata mbegu za dume na mayai yanarutubishwa ndani ya kinywa. Kisha hukaa nayo wiki mbili tatu, akiwa karibu hali kitu. Vifaranga wakishaanza kuogelea, hatari ikitokea hurudi mbio mdomoni mwa mama. Nilikuwa nimeshika furu tangu utotoni, lakini siku nilipomwona jike kwenye tangi la kioo akifungua mdomo na kundi la watoto likaingia mara moja, niliacha kazi nikabaki nimesimama.

Sasa turudi kwenye rangi, ambayo dada alitaka niiache kwanza. Dume wa furu akifa rangi yake hupotea haraka, ndiyo maana watafiti humpiga picha akiwa hai, kwenye kijitangi chembamba cha kioo, papo hapo botini. Kuna kundi linaitwa Pundamilia kwa ajili ya mistari yake ya wima. Spishi moja ni Pundamilia pundamilia, dume wake ana rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Nyingine ni Pundamilia nyererei, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere na kuelezwa kisayansi mwaka 1985. Dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Majike wa spishi hizi mbili wanafanana sana. Wa buluu huishi maji ya juu karibu na mwamba, mwekundu huishi chini kidogo. Wakati mwingine tofauti ya makazi yao haizidi mita chache.

Kwa nini wasichanganyike? Jibu lilitolewa kwa ushahidi mzito mwaka 2008 na kundi la Ole Seehausen, mtafiti ambaye jina lake halikosekani ukizungumzia furu wa Mwanza. Maji yetu hayapitishi mwanga wote sawa. Mwanga wa buluu humezwa upesi, na ukishuka kidogo unaobaki zaidi ni wa machungwa na mwekundu. Samaki wanaoishi juu na wanaoishi chini wana matoleo tofauti ya jeni moja ya jicho, inayotengeneza protini ya kunasa mwanga iitwayo opsini. Jike wa chini ana jicho linalonasa wekundu vizuri zaidi, na dume mwekundu ndiye anayeng'aa mbele yake. Jike wa juu naye ana jicho la mazingira yake. Jicho lililoumbika kwa ajili ya kuishi mahali fulani linaishia kuchagua mchumba, na uchaguzi huo unatenga spishi mbili ndani ya mwamba mmoja, bila mlima wala mto kuwatenganisha. Vitabu vyetu vya zamani vilisisitiza kizuizi cha ardhi, kwamba lazima viumbe watengwe kwanza ndipo waachane. Hapa kizuizi ni mwanga.

Kabla ya hapo, Seehausen na Jacques van Alphen walikuwa wamefanya jaribio ambalo nalipenda kwa wepesi wake. Kwenye matangi yenye mwanga mweupe, jike alimchagua dume wa spishi yake. Walipowasha mwanga wa rangi moja ya machungwa, ambamo buluu na nyekundu hazitofautiki, majike hawakuonyesha tena upendeleo huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Wanafunzi wangu huwa wanalielewa kabla sijamaliza kulieleza, hasa wanaotoka familia za wavuvi wa dagaa, ambao wanajua taa inavyobadili sura ya kila kitu usiku.

Botini tulikuwa na sahani ya duara, nyeupe na nyeusi, iliyofungwa kwenye kamba yenye vipimo. Unaishusha majini mpaka isionekane, unasoma kina. Kifaa hicho hakina betri wala programu, na kwa maoni yangu ndicho kifaa kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa mle botini. Kwenye kisiwa cha Makobe, upande wa Ghuba ya Speke ambako maji ni maangavu, sahani huonekana mpaka zaidi ya mita 2. Ukiingia Ghuba ya Mwanza, visiwa vya Python ni kama mita 1. Ukienda kusini zaidi ndani ya ghuba, Luanso, sahani inapotea kwenye nusu mita hivi. Sasa linganisha na samaki. Makobe wa buluu na mwekundu ni spishi mbili zilizoachana kabisa. Luanso hakuna mbili: kuna kundi moja mchanganyiko, madume wa rangi za katikati, wengine wamefifia tu. Kamba ile ilikuwa ikipima kina cha maji na wakati huo huo ikipima spishi.

Jambo hilo lilinibadilisha namna ya kulitazama ziwa. Mwaka 1997 Seehausen, van Alphen na Witte walikuwa wameshaonya kwamba tope na mwani unaostawishwa na mbolea na maji taka vinawapofusha furu wasichaguane, na spishi zinayeyuka bila hata samaki mmoja kuuawa. Sote tulijua samaki anaweza kumalizwa kwa nyavu haramu, kokoro, sumu. Kumbe kuna kutoweka kwa namna nyingine, ambako ukivua bado unapata samaki, idadi yake ile ile, na hakuna anayepiga kelele.

Yote hayo yana maajabu, lakini linalowashangaza zaidi wanafunzi ni umri. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, ila halina kina: sehemu yake ya chini kabisa ni kama mita 80 tu. Tanganyika inakwenda karibu mita 1,470. Kwa hiyo ukame mkali ukija, Victoria linaweza kukauka, na lilikauka kweli. Mwaka 1996 kundi la Thomas Johnson lilitangaza ushahidi uliochimbwa kutoka kwenye mashapo ya sakafu ya ziwa: kulikuwa na wakati ambapo hata sehemu ya kina kirefu ilikuwa nchi kavu. Makadirio yaliyosahihishwa baadaye yanaweka kurudi kwa maji kwenye miaka 15,000 hadi 16,000 iliyopita. Ndani ya muda huo zimepatikana spishi karibu 500 za furu ambazo hazipo mahali pengine popote duniani. Binadamu walikuwa tayari wanawinda na kuchora mapangoni wakati sehemu hii ya Mwanza ilipokuwa mbuga.

Wanasayansi wengi walikataa hesabu hiyo, na walikuwa na haki ya kukataa. Mabadiliko mapya katika jeni hutokea polepole mno. Spishi 500 zenye mataya, macho na rangi tofauti zingepataje malighafi ya kutosha ndani ya muda mfupi vile? Jibu lilikuja mwaka 2017, katika utafiti ulioongozwa na Joana Meier, na kwangu ndilo jambo zito kuliko yote katika simulizi hii. Furu wetu wametokana na machotara. Miaka kama 150,000 iliyopita, nasaba mbili za samaki, moja yenye asili ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa juu wa Nile, zilikutana na kuzaliana, ilhali zilikuwa zimetengana kwa zaidi ya miaka milioni moja. Watoto wao walirithi tofauti za pande zote mbili. Ukichanganya karata za seti mbili tofauti na kuzigawa upya, unapata mikono ambayo seti moja isingeweza kuitoa, na huhitaji kuchapa karata mpya hata moja. Hata yale matoleo mawili ya jeni ya jicho niliyoyataja, moja lilitoka kwa nasaba moja na jingine kwa nyingine. Mwekundu na wa buluu wa Mwanza wanatazamana kwa macho yaliyotoka Kongo na Nile.

Mwaka 2023 Meier na wenzake waliongeza sura nyingine. Ziwa lilipokauka, mabaki ya furu yalijihifadhi kwenye madimbwi na vinamasi vya pembeni, yakaanza kutofautiana huko. Maji yaliporudi yalikutana tena, yakachanganyika tena, na kutoka kwenye mchanganyiko huo zikapasuka nasaba mpya za walaji wa kila namna. Kuungana, kuachana, kuungana, kuachana. Na mwaka 2017 huo huo walikuwa wameonyesha jambo dogo ambalo mimi nilipolisoma nilicheka kwa furaha: yule mwekundu wa visiwa vya Python, tuliyekuwa tukimwandika daftarini sawa na mwekundu wa Makobe, hakuletwa kutoka Makobe. Amejitokeza upya pale pale, kutokana na samaki wa buluu waliopata damu ya nyererei, kisha mwanga ukawatenga kwa mara ya pili katika rangi zile zile.

Hapa ndipo wanafunzi wazuri wanaponibana. Mwalimu, ulisema Luanso kuchanganyika kumeharibu spishi. Sasa unasema kuchanganyika ndiko kulikozizaa. Tushike lipi? Swali hili nalipenda kuliko swali lolote la mtihani, na jibu langu ni kwamba tutazame kinachofuata baada ya mchanganyiko. Machotara wa zamani waliingia kwenye ziwa jipya, pana, lenye maji ya juu na ya chini, mawe, mchanga, matete, na hakuna aliyekuwa ameshashika kila nafasi. Urithi wao mpana ulipata mahali pa kugawanyika. Machotara wa Luanso wako kwenye maji yaliyofumba, ambamo mwanga wa kuwagawa haufiki. Malighafi ipo, kinachokosekana ni mahali pa kuitumia. Nafikiri hilo ni jambo la matumaini pia, kwa sababu maji yanaweza kusafishwa, ingawa spishi iliyopotea haitarudi vile vile ilivyokuwa.

Swali jingine la kila mwaka: kwa nini kambare hajafanya hivyo? Maji si ni hayo hayo? Muda mrefu ilidhaniwa kwamba furu waliwahi, wakafika ziwani kabla ya wengine wakajichukulia nafasi. Mwaka 2023 utafiti ulioongozwa na Nare Ngoepe wa Afrika Kusini ulilijibu hilo kwa visukuku vya meno ya samaki, vidogo sana, vilivyookotwa kimoja kimoja kwa darubini kutoka kwenye mashapo ya ziwa yaliyochimbwa tabaka baada ya tabaka. Makundi yote makubwa ya samaki yalifika pamoja maji yalipopanda. Ziwa lilipozidi kuwa na kina, furu ndio walioenea kwenye maji marefu ya wazi, wengine wakabaki nyuma. Kwa hiyo hawakushinda kwa kutangulia. Walishinda kwa walichobeba mwilini: taya lile la kooni na urithi ule wa pande mbili. Jino dogo kama hilo, lililolala matopeni zaidi ya miaka 10,000, limemaliza ubishi wa wasomi.

Kuna sura ya huzuni na sitaki kuiruka. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, upande wa Uganda. Huweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Miaka ya 1980 alijaa Ghuba ya Mwanza, na furu, ambao kabla yake walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa maji ya chini, walifutika karibu wote kwenye maji ya wazi. Inakadiriwa kwamba spishi kama 200 zilitoweka. Sangara ndiye aliyenilipia ada ya shule, siwezi kumtukana. Amejenga nyumba nyingi Mwanza na viwanda vya minofu vimeajiri jirani zangu. Lakini nilipomwendea mzee mmoja wa mwaloni kwetu, rafiki wa marehemu baba, nikamuuliza ziwa lilikuwaje kabla, alinyamaza kwanza.

"Shikamoo yako nimeipokea, mwalimu," alisema, "ila swali lako linauma. Mwanangu, furu ndio walikuwa ziwa lenyewe. Wa mawe alikuwa na sura yake, wa mchanga na yake, wa kwenye matete na yake. Mke wangu alijua wa kukaanga na wa kuchemsha. Siku hizi wote wanaitwa chambo."

Mzee yule hajawahi kusoma makala ya kisayansi, na maelezo yake ya nani anaishi wapi yalikuwa sahihi. Tangu siku hiyo nikitoa mada hii huwa nawatuma wanafunzi kwa wazee wao kwanza, kabla hatujagusa kitabu.

Tena baadhi ya furu wamerudi. Sangara walipovuliwa kwa wingi miaka ya 1990, spishi chache zilianza kuonekana tena, na hapo ndipo wale samaki wa kwenye spiriti walipopata kazi. Furu mmoja aitwaye Haplochromis pyrrhocephalus alikuwa karibu ametoweka. Aliporudi, maji yalikuwa yameshabadilika: machafu zaidi, oksijeni haba. Witte na wenzake walimlinganisha na babu zake wa miaka ya 1970, wakachapisha mwaka 2008. Eneo la matamvua yake, ile nyama nyekundu ya kupumulia chini ya mashavu, lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64. Kichwa kimepungua, jicho limepungua. Yote hayo katika miongo miwili. Mtanzania Egid Katunzi na wenzake walikuwa wameshaeleza mwaka 2003 juu ya furu mwingine aliyekuwa akila vijidudu vya majini, akapotea, na aliporudi akawa anakula windo kubwa zaidi. Nisizidishe chumvi: majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba furu ndugu wa mama mmoja, wakilelewa kwenye maji yenye oksijeni kidogo, huota matamvua makubwa zaidi, kwa hiyo si kila badiliko ni la urithi. Mwili wenyewe una uwezo wa kuitikia mazingira. Hata hivyo, mtu aliyesoma na mimi kidato cha nne, tukakariri kwamba mageuko hayaonekani katika maisha ya mtu, ana umri mkubwa kuliko badiliko hilo.

Darasani huwa nafanya hivi. Nanunua fungu la furu wabichi mwaloni, nagawa mmoja kwa kila wanafunzi wawili, pamoja na wembe na kipande cha karatasi nyeusi. Wanatoa mfupa wa kooni, wanausuuza, wanauweka kwenye karatasi. Kisha natulia. Meza hii itasema "meno yetu ni sindano", meza ile itasema "yetu ni mviringo", na mtu wa tatu atainuka kwenda kuangalia. Hapo somo limeanza bila mimi kusema neno. Yupo kila mwaka anayeuliza kwa wasiwasi kama haya hayapingani na imani aliyolelewa nayo. Mimi mwenyewe ni muumini na simwondolei mtoto wa mtu imani yake. Ninachomwomba ni aangalie taya, aandike alichokiona, na aulize zaidi.

Sahani ya kupimia tumeitengeneza wenyewe kwa mfuniko wa ndoo ya rangi, jiwe la kuivutia chini, na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Mwenye mtumbwi mmoja, baba wa mwanafunzi wetu, hutupeleka nje ya matete, watoto wamevaa maboya. Vipimo vya masika na vya kiangazi havifanani: mvua ikinyesha siku mbili tu, mafundo yanayoonekana yanapungua, na ukigeuka nyuma unaona kwa macho mkondo wa tope ukishuka kutoka kwenye bustani za nyanya zilizosogea mpaka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wakulima wale si watu wabaya, wana watoto shuleni kwangu, na mita 60 ni ardhi nyingi kwa mtu mwenye robo eka.

Mwenyekiti wa kitongoji alisikia habari za kamba yetu akaja shuleni kuomba nakala ya daftari. Anataka vipimo hivyo visomwe kwenye mkutano wa kijiji, siku ambayo suala la bustani za ukingoni litajadiliwa. Nimemwambia nitakuja, ila wasomaji watakuwa wanafunzi wenyewe, na watabeba ile mifupa ya kooni kwenye karatasi yake nyeusi, wenye bustani waishike mkononi kabla hatujaanza kuzungumzia mita.